Ziara ya Mstari wa Macdonald, Nakuru hadi Port Victoria: siku ya kwanza inalipa, ya pili bado

Ziara hii inauzwa kwa shilingi 9,500 kwa kila mtu. Humo kuna usafiri wa siku mbili kwa matatu ya viti 14 inayobeba watu tisa tu, kiongozi, kitanda cha usiku mmoja Kapsabet na chai ya asubuhi. Chakula cha mchana na cha jioni unajitegemea. Mnaondoka mbele ya stesheni ya reli ya Nakuru saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuingia Kisumu kesho yake magharibi. Waandaaji ni vijana wa Nakuru ambao kazi yao ya kila siku ni kupeleka wageni ziwani kutazama flamingo, kwa hiyo mtu ana haki ya kujiuliza kama wataiweza mada ya Macdonald, mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyefariki mwaka 1927. Wanaiweza, kwa nusu.

Lielewe hili kabla ya kulipa: hii si ziara ya reli. Reli iliyojengwa inatoka Nakuru, inapanda Molo hadi Mau Summit, kisha inateremka kwa Londiani, Fort Ternan na Muhoroni mpaka Kisumu. Ziara inafuata mstari mwingine, ule ambao Kapteni James Macdonald wa Royal Engineers, kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza, aliupendekeza baada ya upimaji wa 1891 na 1892, na ambao kutoka Nakuru kwenda magharibi haukujengwa kamwe. Unapita Eldama Ravine, unavuka nyanda za Nandi, unalifuata bonde la Nzoia na kukomea Port Victoria, mji wa wavuvi ulioko leo Budalangi, Kaunti ya Busia. Ukitaka kuona mataruma na madaraja, hapa hutayaona. Kuna watu wamelalamika kwamba walidanganywa, lakini tangazo lenyewe linasema wazi. Kilichowapotosha ni picha ya garimoshi waliyoiweka juu ya tangazo hilo, na picha hiyo iondolewe.

Saa mbili za kwanza ndizo bora katika ziara nzima. Kiongozi haanzi na tarehe. Anawasha jiko la gesi kando ya barabara, anachemsha maji kwenye sufuria na kumpa kila mtu kipimajoto. Sababu ni hii: mpimaji wa wakati ule, akiwa kilomita mia kadhaa kutoka pwani na bila kituo chochote cha kulinganishia, alijua urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari kwa vitu viwili: baromita ya aneroidi, yaani chombo cha kupima kanieneo (mgandamizo wa hewa, ambao hupungua unapopanda), na joto ambalo maji huchemkia. Maji huchemka kwa nyuzi 100 baharini, na hupungua nyuzi moja hivi kwa kila mita 300 unazopanda. Nakuru, kwenye mita 1,850, yanachemka karibu na nyuzi 94. Timboroa, iliyo juu zaidi, yanachemka karibu na 91. Watu tisa wakichukua vipimo vyao na kupiga hesabu, wanapata Nakuru tisa zilizoachana kwa zaidi ya mita mia, na hapo somo linaingia bila mahubiri.

Jaribio lenyewe lakini linafanywa vibaya, na ni rahisi kulirekebisha. Kipimajoto wanakitumbukiza ndani ya maji hadi kinagusa sehemu ya chini ya sufuria, ambayo moto wake ni mkali kuliko maji. Wapimaji walikiweka kwenye mvuke, juu ya maji, ndani ya kichombo chembamba chenye mfuniko. Maji yenye chumvi huchemka kwa joto la juu kidogo, lakini mvuke wake ukigusa kipimajoto hutoa joto sahihi la mahali hapo. Pia vipimajoto wanavyogawa vina alama za nyuzi nzima, na jicho la mtu haliwezi kusoma vizuri zaidi ya nusu nyuzi. Nusu nyuzi ni mita 150. Kinunuliwe kimoja tu chenye alama za sehemu ya kumi ya nyuzi, na birika lenye mdomo mrefu badala ya sufuria.

Aneroidi nayo wameipata nzuri, ya shaba, lakini wanaisoma mara moja tu. Hapo wanapoteza nafasi. Ukanda wetu wa ikweta una tabia ambayo mpimaji aliyetoka Ulaya humsumbua mwanzoni: kanieneo ya hewa hupanda na kushuka kila siku kwa saa zilezile, ikifika juu karibu saa nne asubuhi na chini karibu saa kumi alasiri. Tofauti hiyo peke yake inaweza kukufanya udhani umepanda mita 25 au zaidi hali umeketi palepale chini ya mti. Dawa yake ni kusoma chombo saa ileile kila siku, au kuacha aneroidi ya pili kambini na mtu wa kuiandika kila saa. Ziara ingeisoma Nakuru asubuhi, halafu kambi ya Ravine mchana na tena alasiri, kila mtu angeona kilima kikiota mbele ya macho yake.

Hesabu ifuatayo ndiyo sababu tunasema siku ya kwanza inalipa, na kiongozi anaipiga ubaoni vizuri sana. Injini ya mvuke inayovuta mabehewa haipendi kupanda zaidi ya mita 2 kwa kila mita 100. Kutoka Nakuru hadi Mau Summit kuna karibu mita 690 za kupanda, maana yake hata kama kilima kingekuwa laini kama ukuta uliopigwa lipu unahitaji angalau kilomita 34 na nusu za njia. Kutoka hapo kushuka hadi ziwani, kwenye mita 1,134, kuna mita 1,400 na ushei, yaani kilomita 70 kwa uchache. Sasa rudisha lile kosa la nusu nyuzi: mita 150 ulizozikosea juu ya kilele zinakuwa kilomita saba na nusu za reli ambazo hazikuwekwa kwenye bajeti. Mtu aliyeshika kipimajoto ndiye aliyeshika mfuko.

Na mfuko ulipasuka kweli. Macdonald na maofisa wenzake, Pringle, Austin na Twining, walikadiria maili 657 kutoka Mombasa na gharama ya pauni 2,240,000, yaani pauni 3,409 kwa maili. Reli iliyofika Kisumu Desemba 1901 ilikuwa na maili 582 na ikagharimu karibu pauni milioni 5.5. Ziara inalieleza hili kama kosa la Macdonald, na si haki. Makadirio yake yalikuwa ya njia nyingine na ya reli ya futi 3 na inchi 6. Iliyojengwa ni ya mita moja, kipimo cha India, kulikotoka pia wafanyakazi na sehemu kubwa ya vifaa, na ilivuka Mau mahali ambapo yeye hakupendekeza, pakalazimu madaraja 27 ya chuma kutoka kampuni ya Marekani. Huwezi kumshtaki fundi kwa bei ya nyumba ambayo hakuichora. Kosa jingine la kurekebisha mara moja: kiongozi anasema mara mbili kwamba Macdonald "alijenga reli". Hakujenga. Mjenzi alikuwa George Whitehouse, mhandisi wa kiraia, na kazi ilianza 1896 wakati Macdonald hayupo kabisa kwenye shughuli hiyo.

Njiani kuelekea Ravine kuna kituo kifupi cha Barabara ya Sclater. Hapa tunawasifu bila masharti. Kapteni Bertram Sclater, naye wa Royal Engineers, alipewa kazi ya kutengeneza njia ya magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Kibwezi hadi mpaka wa Uganda ili mizigo isisubiri reli. Alifariki 1897, na G. E. Smith naye aliifanyia kazi njia hiyo. Kiongozi anawaonyesha jinsi mkokoteni unavyoamua umbo la barabara: mteremko unaokubalika, upana wa kona, na hasa vivuko vya mito, kwa sababu gurudumu likizama kwenye tope huna trekta la kulivuta. Anaeleza pia kilichoishinda njia hiyo upande wa pwani, mbung'o, na jinsi sotoka ilivyokuwa imeua ng'ombe miaka michache tu kabla. Bila ng'ombe, mzigo unarudi kichwani kwa mpagazi. Haya yote kwa dakika ishirini. Hatuna la kuongeza.

Eldama Ravine ndipo ziara inapoanza kuchechemea. Mnafika karibu saa tano, mnapewa soda, mnaonyeshwa upande ambako boma la zamani lilikuwa, na mnaambiwa kwamba "hapa askari wa Kisudani walikataa kwenda Sudani wakaasi." Sentensi moja! Kwa ziara yenye jina la Macdonald, hapa ndipo pangetakiwa saa nzima, kwa sababu hapa mpimaji na mwanajeshi wanakutana ndani ya mtu mmoja, na ziara inawatenganisha kana kwamba ni ndugu wawili.

Tuwape wanachoweza kusema. Macdonald aliingia Royal Engineers 1882, akafanya kazi za reli India na kushiriki vita vya Hazara mpakani huko huko 1888. Mwaka 1893 alikaimu ukuu wa serikali ya Uganda. Mwaka 1897 alirudishwa na msafara uliotangazwa kuwa wa kuchunguza chanzo cha mto Juba, huku shabaha ya kweli ikiwa kwenda kaskazini kuwahi Mto Naili kabla Wafaransa hawajafika. Alipewa askari wa Kisudani kutoka Uganda, watu ambao Kapteni Lugard, wakala wa kampuni ya Waingereza, aliwaleta 1891 kutoka mabaki ya jeshi la Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudani. Walikuwa wametoka tu kupigana na Mwanga, kabaka wa Buganda, aliyeasi Julai ya mwaka huohuo. Mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya wapagazi wa pwani waliotembea nao safari moja, ilikuwa imechelewa, na sehemu yake ililipwa kwa nguo. Wake na watoto wao walikuwa mbali. Hakuna aliyewaambia wanakwenda wapi, kwa sababu safari yenyewe ilikuwa ya siri. Mwishoni mwa Septemba 1897 waliondoka Ravine, wakapita Nandi na Mumias, wakaingia ngome ya Luba kule Busoga, karibu na Jinja.

Tazama uhusiano ambao ziara imeukosa. Njia waliyoishika waasi ni ileile, kwa sehemu kubwa, ambayo Macdonald alikuwa ameipima miaka mitano kabla na ambayo Sclater aliifungua: Ravine, Nandi, Mumias, ziwa. Macdonald aliyewafuata ndiye aliyejua maji yako wapi na kila mwendo una saa ngapi. Upimaji ule ulilipwa na serikali kwa ajili ya reli, lakini ulikuja kutumika kijeshi kuwakimbiza watu waliochoka kutembea. Mkiwa Ravine, mkiwa na aneroidi mkononi, hii ingeelezeka kwa ramani moja tu.

Kapsabet hoteli ni safi, maji ya moto yapo, na wali kuku wa jirani si ghali. Jioni kuna mazungumzo kuhusu Wanandi na kiongozi wao Koitalel arap Samoei. Kiongozi anamweka Meinertzhagen, aliyemuua Koitalel tarehe 19 Oktoba 1905, kwenye kundi la wahandisi wa kijeshi. Hakuwa mhandisi, alikuwa ofisa wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki. Wahandisi wanaingia hadithi ya Wanandi kwa mlango mwingine, waya wa simu za maandishi na boliti za reli, vitu ambavyo Wanandi walivichukua na kuvifanyia kazi zao, na ambavyo serikali ilivihesabu kama sababu ya kupeleka majeshi. Anayetaka upande wa Koitalel vizuri aongeze nusu siku aende makumbusho yake Nandi Hills. Haimo kwenye bei.

Siku ya pili mnashuka Chavakali na kupita Kakamega bila kusimama, sawa kabisa, hakuna cha kuwaweka pale kwa mada hii. Mumias mnakaa saa moja na nusu kituo cha utamaduni cha Nabongo, Matungu. Maelezo ya pale kuhusu Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, ni mazuri, lakini ni ya kituo, si ya ziara, na hayaungani na jana. Hapa ndipo pa kusimulia vita ya Luba, kwa kuwa hakuna atakayewavusha mpaka kwa bei hii.

Tarehe 19 Oktoba 1897 waasi waliishambulia kambi ya Macdonald juu ya kilima alfajiri. Jeshi lake halikuwa jeshi la kusifika: Masingasinga wachache na Waswahili zaidi ya 300, wengi wao wapagazi waliopewa bunduki. Walishikilia kilima. Waasi wakawaua Wazungu watatu waliokuwa wamewateka, Meja Thruston, Wilson na Scott. Kuanzia hapo kazi ikawa ya mhandisi hasa, kuizingira ngome. Ngome ile haikuwa na njaa kwa sababu ilizungukwa na mashamba ya ndizi, kwa hiyo Macdonald akaamua kuyakata. Mnamo Desemba 11 katika ukataji huo waliuawa ndugu yake mwenyewe, Luteni Macdonald, na mmisionari Pilkington. Na hapa kuna kasoro ambayo mwanafunzi yeyote wa uhandisi angeiona akitazama ramani: upande mmoja wa ngome ni ziwa, na Macdonald hakuwa na vyombo vya kutosha kulifunga. Januari 1898 waasi walitoka kupitia ziwani. Miezi hiyo iliyopotea ndiyo iliyoua safari ya Naili. Msafara ulipoelekea kaskazini 1898 na kutia sahihi mikataba na watu wa pande za Karamoja na Turkana, ofisa Marchand wa Ufaransa alifika Fashoda, kando ya Mto Naili, Julai, na Jenerali Kitchener wa Uingereza akamfuata huko Septemba akitokea kaskazini.

Kiongozi ana karatasi moja kuhusu maisha ya baadaye ya Macdonald, nayo ni sahihi ila imebanwa mno: mkurugenzi wa reli wa jeshi la Uingereza kule China 1900 na 1901, kisha mkuu wa kikosi kilichosindikiza ujumbe wa Waingereza chini ya Younghusband kwenda Tibet 1903 na 1904. Kule Tibet askari wake walimcheka kwa tahadhari yake iliyopita kiasi. Lakini askari haohao waliwaua mamia ya Watibeti huko Guru, tarehe 31 Machi 1904, watu wenye mapanga na bunduki za utambi mbele ya bunduki za rashasha za Maxim. Karatasi inasema "mapigano." Neno hilo lifutwe, liandikwe linalofanana na kilichotokea.

Port Victoria mnafika alasiri. Ni pazuri kwa namna yake: mitumbwi, samaki wanaokaushwa, upepo wa ziwa, na hakuna hata jiwe moja la bandari ya reli iliyokusudiwa. Dakika arobaini zinatosha. Swali ambalo kila mtu huuliza ni kwa nini reli haikuja hapa, na jibu la ziara, "siasa," ni la kivivu. Upimaji wa baadaye ulipata njia ya kushuka Mau hadi ghuba ya Kisumu iliyopunguza maili nyingi, na kila maili ni mataruma, vyuma, kokoto na miezi ya kulisha wafanyakazi. Ukisimama hapa baada ya mvua kubwa na kuona Nzoia ilivyotanda juu ya mashamba ya Budalangi, utaelewa pia kwamba tuta la reli lingepigana na mto huu kila mwaka.

Kuhusu vitu vya kawaida. Gari ni zima na dereva hakimbizi. Siku ya pili ni ndefu kupita kiasi, saa kumi na moja kwa jumla, kwa hiyo wenye watoto wadogo wafikirie upya. Usiende Aprili wala Mei, Bumala kuelekea chini barabara haina tatizo lakini vijia vya pembeni huzama. Beba sweta la Timboroa na kofia ya Port Victoria, kwa kuwa kati ya hizo mbili unashuka zaidi ya mita 1,600. Ukiwa na simu yenye kipima kanieneo ndani, zima marekebisho ya setilaiti uilinganishe na aneroidi yao. Wanafunzi wa upimaji ardhi watafurahi kuliko wanafunzi wa historia.

Kuna Wanubi Ravine na Kibos, Kisumu, jamii zilizotokana na askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza. Ziara inapita milango yote miwili bila kubisha. Wazee wakiombwa kwa heshima na kulipwa muda wao, saa moja ya Ravine ingejaa, na soda ingeweza kuachwa.

Kwa bei ya sasa tungemwambia mtu achukue siku ya kwanza peke yake. Wanaiuza shilingi 4,000 ukiuliza, ingawa haimo kwenye tangazo, na wanakushusha Eldoret stendi ya magari ya Nakuru kabla ya saa kumi na mbili jioni.